Viti vya Tyndal Nyumbani kwa Leotis

Mtaani kwetu gari la maiti halimshtui mtu. Jioni yoyote utaliona likipita polepole chini ya mialoni, paa limekatwa, watalii wamebanana ndani, na msimulizi wao kashika kipaza sauti anawahadithia mizimu. Wananunua tiketi kwa ajili hiyo. Wanapungia mkono baraza yangu, nami nawapungia. Mwaka juzi mmoja aliuliza kwa sauti kama mimi ni mtu hai au ni sehemu ya maonyesho, nikamwambia ateremke nimwonyeshe. Mji wetu wa Savannah ndivyo ulivyo, wafu wetu wana kazi kuliko wazima.

Lakini viti ni habari nyingine. Nasema vile viti vyeupe vya kukunja vya nyumba ya mazishi ya Tyndal, vyenye jina lake mgongoni kwa rangi nyeusi. Vikishushwa mbele ya mlango wa mtu, hapo hakuna utani. Hapo unafunga aproni na kuwasha jiko.

Nimeanza na hili makusudi, kwa sababu tangu siku ile wapo watu, hata kanisani, wanaosema Verdell Singleton alimuua Leotis Mungin kwa mdomo wake. Sikumuua mtu. Niliona viti. Nao wangeviona wangefanya vilevile, na wengine walivisikia tu kwa simu wakafanya zaidi yangu.

Leotis ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, zaidi ya miaka thelathini. Aliendesha winchi bandarini mpaka mgongo ukakataa, akastaafu na sauti ileile ya kumwita mtu aliye chini kabisa ya meli. Akikuambia siri, inasikika mpaka kwenye duka la kona. Mkewe Lurene, Mungu amrehemu, alipofariki, watu walinong'ona kwamba mzee naye hatachukua mwaka. Mimi niliwaambia watulie. Nilipika katika shule za mji huu maisha yangu yote ya kazi, najua mtu atakayekula tena na mtu asiyekula tena.

Akala tena. Na si kula tu. Asubuhi anakaa barazani na kahawa yake, anamsalimia kila apitaye, mbwa akiwemo. Kisha anavaa kofia na kwenda bustanini, lile benchi la karibu na sanamu, ambako yeye na Cleveland Tyndal na wazee wengine watatu wanacheza dhumna. Hawachezi kwa upole. Leotis akipiga jiwe mezani njiwa wote huruka, na watalii hushika mikoba yao. Tyndal, ambaye ndiye mwenye nyumba ya mazishi, humwambia, "Piga taratibu, Leotis, wateja wangu wamelala."

Jumanne ni kwaya. Anaimba besi, na besi yake inakwenda itakapo, wimbo ukitaka uifuate. Mwalimu wa kwaya, Renard, amempanga nyuma ya nguzo, akamdanganya kuwa pale sauti inanguruma vizuri. Alhamisi anampeleka Bi Ozella, mwenzetu wa kanisani, kliniki kusafishwa damu, maana figo zake zimechoka, na anamngojea saa zote zile akigombana na televisheni ya ukutani. Katikati ya hayo, pakiwa na mhadhara wa bure makumbusho, yuko mstari wa mbele, na mwisho anasimama kuuliza swali ambalo si swali, ni hadithi ya bandarini yenye alama ya kuuliza mkiani. Chuo cha sanaa kikifungua maonyesho yupo pia, kwa sababu ya vile vitafunio. Nilikwenda naye mara moja. Alisimama mbele ya picha kubwa nyeupe tupu, akaitazama, akamwuliza msichana aliyeichora, "Mwanangu, wamekunyang'anya brashi?" Yule msichana alicheka mpaka akakaa chini. Bado wanaandikiana.

Huyo ndiye mtu ambaye binti yake, Corliss, alitaka kumhamishia Minnesota.

Simlaumu Corliss. Ni mtoto mwema, nimempikia chakula cha mchana miaka yote ya shule ya msingi. Lakini amekaa kwenye barafu muda mrefu, akaamini kila mtu anaishi kama wanavyoishi huko, mlango umefungwa na jirani hajui jina lako. Alikuwa anampigia baba yake kila Jumapili, na kila Jumapili ni lilelile.

"Baba, ukianguka bafuni nani atajua?"

"Mtaa mzima."

"Nani, Baba? Nitajie jina."

Mwishowe akamwambia anakuja Jumamosi ya wiki ile, tiketi ameshakata, waongee ana kwa ana. Chumba cha chini nyumbani kwake ameshakitengeneza. Akikuta Baba kweli ana watu, sawa, hatasema tena. Akimkuta yuko peke yake na televisheni, wanaondoka wote, nyumba itauzwa.

Leotis alikuja kunieleza kwenye ua wangu Jumatatu, mimi nikiwa napalilia. Hakunguruma. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

"Labda niende tu, Verdell. Mtoto analia kwenye simu."

Sasa mimi, mtu akiniumiza, sisemi nimeumia. Nasema kitu kingine. Nikamwambia, "Basi nenda. Nenda ukagande huko. Nani amekushika shati?"

Akanitazama. Akarudisha kofia kichwani, akavuka barabara. Tangu hapo hatukusemezana. Akitoka barazani mimi naingia, nikitoka yeye anaingia. Watu wazima wenye miaka sabini na kitu, tunafungiana milango kama watoto walionyang'anyana peremende.

Mambo yaliyofuata niliambiwa baadaye, lakini nitayasema hapa yanapofaa. Leotis hakutaka kwenda. Hakutaka hata kidogo. Alikwenda bustanini akawaambia wenzake wa dhumna kwamba Jumamosi atachemsha kaa uani kwake, waje na wake zao, waje na yeyote, Corliss akifika akute nyumba imejaa. Wale wazee wakatazamana. Jumamosi ile kulikuwa na mechi kubwa ya chuo kikuu, na mji wote ungekuwa mbele ya televisheni. Mmoja akasema, "Tutaona." Kwetu mtu akisema tutaona, usimwekee sahani.

Leotis akaogopa. Na akiogopa anakuwa na makuu. Akamwambia Tyndal pembeni, "Niletee viti thelathini."

"Thelathini? Una watu wangapi?"

"Mtu mwenye viti thelathini hawezi kuonekana hana watu."

"Na visipojaa?"

"Nitavikalia mwenyewe, kimoja kimoja."

Tyndal akacheka, akasema Jumamosi ana mazishi mchana, atavituma asubuhi. Wala hakuona shida yoyote. Mtu anayeishi na viti vya msiba kila siku husahau vinasema nini kwa watu wengine.

Na mimi je? Mimi hakunialika. Alikuwa amepanga kunipelekea kaa wa kwanza mwenyewe, na neno la kunituliza pamoja nao, siku hiyo hiyo. Basi Jumamosi kabla ya jua akachukuliwa na binamu yake kwenda mtoni kutega kaa, kwa gari la binamu, kupitia kichochoro cha nyuma.

Saa tatu asubuhi nilikuwa namwagilia maua barazani. Gari jeusi la Tyndal likasimama mbele ya nyumba ya Leotis. Wakashuka wanaume wawili wenye tai nyeusi, wakaanza kushusha viti.

Niliangalia baraza yake. Kahawa hakuna, Leotis hakuna. Nikaangalia pikapu yake, ipo. Nikaangalia mapazia, yamefungwa. Mpira wa maji ukaniponyoka mkononi ukaendelea kumwaga peke yake mpaka adhuhuri, na maua yangu mawili yakafa kweli.

Mtu atauliza, mbona hukuvuka barabara ukauliza? Kwetu huulizi. Mtu wa Tyndal akiwa na kiti mkononi, ukamwuliza nani amekufa, umewatukana waliokulea. Kupiga simu nyumba yenye msiba ni vibaya zaidi, maana unamlazimisha mfiwa aseme kwa kinywa chake. Unapika. Unabandika jina lako chini ya bakuli ili lirudi, unavaa nguo za kanisani, unakwenda, na mengine utayajulia mlangoni. Ndivyo mama yangu alivyofanya, na mama yake.

Nikampigia Bi Ozella.

"Ozella. Viti vimekuja kwa Leotis."

"Yesu wangu. Alinipeleka kliniki juzi tu. Aliniletea maandazi."

"Mimi sijamsalimia tangu Jumatatu."

"Nyamaza, Verdell. Nina paja zima la nguruwe kwenye friji."

"Lilete."

Hayo ndiyo maneno yote tuliyosema, na ndiyo watu wanayaita umbea wangu. Ozella akampigia Renard, Renard akaipigia kwaya.

Nilipika wali mwekundu. Nilikaanga nyama ya mafuta, nikatia vitunguu, nikatia nyanya, na mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe kwa sababu mimi sikuwepo. Nililia juu ya sufuria. Sikulia kistaarabu. Nililia nikigonga meza kwa mwiko, nikimwambia Leotis mbona amekuwa na kiherehere hivyo, mbona hakungoja nimalize kukasirika. Nilimpenda yule mtu. Sijui ni lini ilianza, labda baada ya Lurene, labda pale mbele ya ile picha nyeupe. Neno langu la mwisho kwake lilikuwa nenda, naye amekwenda.

Ilipofika saa nane mchana barabara ilijaa magari. Wanawake wenye kofia pana, wanaume wenye suti, kila mtu na bakuli lililofunikwa. Saladi ya viazi, makaroni na jibini, mboga za majani, keki tatu za siagi, moja yake ya Bi Ozella ambayo ni kavu kila mwaka na kila mwaka tunaisifu. Hata wale wazee wa tutaona walikuja, mechi ikiendelea, wamevua kofia. Mlango ulikuwa umefungwa na hakuna aliyekuwa na ufunguo, kwa hiyo tulipanga vyakula barazani na kwenye meza za uani, tukavifungua viti vya Tyndal, tukakaa. Havikutosha.

Ndipo teksi ikasimama. Corliss akashuka na sanduku dogo, koti zito mkononi kama mtu aliyesahau kwao kuna joto. Akatabasamu kwanza, maana aliona watu. Kisha akaona nguo. Kisha akaona jina mgongoni mwa kiti. Naye ni mtoto wa hapa. Hakuuliza.

Alikwenda mpaka mlangoni, akatoa ufunguo, ukakosa tundu mara mbili, akaacha. Akakaa kwenye ngazi. Nikakaa naye nikamshika.

"Alikuwa peke yake?" akasema.

Tukatazamana. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake anajua. Bi Ozella akasema, "Mungu alikuwa naye, mwanangu," na hilo huwezi kukosea.

"Nilikuja kumchukua, Bi Verdell. Nimempakia chumba rangi ya bluu. Nilidhani hana mtu."

"Hana mtu?" Bi Ozella alisimama. "Mimi ni nani? Kila Alhamisi baba yako ananipeleka kliniki. Mwanangu mwenyewe yuko mji huu huu, hajui hata mlango wa kliniki ni upi. Baba yako ananifunga mkanda, ananiambia, Ozella, usife leo, nimeshatia petroli."

Corliss akacheka akilia. "Hakuniambia."

"Angekuambiaje na wewe kila Jumapili unamuuliza habari za bafu?" nikasema. Hata msibani siwezi kujizuia.

Renard akasogea, kofia kifuani. "Binti, baba yako alikuwa na besi mbaya. Mbaya kabisa, nisiseme uongo mbele za Mungu. Lakini Jumapili asipokuwepo, kwaya yote inaimba kwa woga. Nitamweka nani nyuma ya ile nguzo?"

Wengine nao wakasema yao. Mmoja alichukuliwa na Leotis siku ya mafuriko, na paka wake. Mwingine alifundishwa dhumna baada ya mkewe kumwacha, akachekwa kila siku mpaka akapona. Corliss alisikiliza huku ananishika mkono, na kwa kila habari alikuwa akinibana zaidi. Vidole viliniuma, sikumwambia.

Mara tukasikia wimbo. Ulitokea nyuma, kichochoroni, mnene, umekwenda chini pale unapotakiwa kupanda.

Bi Ozella akashika kifua. "Mnasikia?"

Renard alikuwa ameinua kidole. Akasema polepole, "Ni yeye. Hakuna mwingine anayekosea hapo."

Niliinuka nikazunguka nyumba mbio, wengine nyuma yangu, Corliss amebaki ngazini, na sijakimbia tangu nistaafu. Lango la nyuma likafunguliwa kwa teke, Leotis akaingia, ndoo ya kaa kila mkono, matope mpaka magotini. Akatuona. Akaona kofia nyeusi, akaona paja la nguruwe, akaona nyuso zimelowa. Wimbo ukakatika.

Sisi tulikuwa tunamkodolea macho, kwa sababu hatujawahi kumwona maiti akirudi na ndoo. Na yeye, kwa kuwa ni mtu wetu, hakuuliza. Alitutazama mmoja mmoja, nikaona anahesabu nani yupo na nani hayupo. Ozella yupo. Renard yupo. Verdell yupo. Uso ukambadilika nikiutazama.

"Corliss," akasema. "Ndege imeanguka."

Ndoo zikaanguka. Yule mtu mkubwa alikaa chini matopeni na kaa wakimpita pande zote, akasema jina la mwanawe kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Nataka kusema wazi kwamba katika siku ile yote, pamoja na kilio changu cha jikoni, hapo ndipo moyo wangu ulipochanika.

"Baba!"

Corliss alikuja amevua viatu. Alimwangukia mzima mzima, wakabiringika, na kwa muda hakuna aliyejua nani anamfariji nani. "Uko hai," huyu anasema. "Wewe ndiye uko hai," yule anasema. Sisi wengine tulikuwa tumeanza kulia upya, ila kaa hawana adabu. Mmoja akamshika Bi Ozella kiatu, Bi Ozella akapanda juu ya kiti cha Tyndal na keki yake mkononi, akapiga ukelele uliosikika mpaka mtoni, na Renard akaanza kuwafukuza kaa kwa kofia. Hapo kicheko kilitushika. Watu walicheka mpaka wakashikilia ukuta.

Tyndal mwenyewe akatokea pembeni ya nyumba, suti nyeusi, ametoka kwenye mazishi yake halali. Wote tukamgeukia.

"Tyndal!" nikafoka. "Umemzika nani?"

"Sijazika mtu hapa," akasema, anatutazama kwa hofu. "Nimealikwa kaa."

Basi tulikula. Kaa waliopatikana walichemshwa, wasiopatikana wako mtaani mpaka leo. Nguo za msiba zikafunguliwa vifungo, tai zikatiwa mifukoni, mtu akaleta redio ya mechi, dhumna ikapigwa kwenye meza ileile yenye makaroni. Leotis alizunguka akikusanya sifa zake. Alikuwa amesikia kwamba alisifiwa na hakutaka zipotee. "Renard, rudia ile ya kwaya." "Nilisema besi yako mbaya." "Baada ya hapo." Kila mtu aliyepita alinipiga bega, "Bi Verdell, nani anayefuata? Tujue mapema tutoe nyama kwenye friji." Nikamwambia kila mmoja yeye ndiye anayefuata.

Watu walipopungua Corliss alinifuata jikoni, mlango umeshafunguliwa sasa, nikiosha mabakuli na kusoma majina chini yake. Leotis alikuwa mezani anavunja mguu wa kaa.

"Bi Verdell, viti uliviona saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Ukaona hayupo barazani, na mapazia yamefungwa."

"Ndiyo."

"Ukafanya nini?"

"Nikapika."

Hakupandisha sauti. "Na kama viti visingekuja? Kama angekuwa kweli ameanguka pale bafuni, anapumua, anaita? Mlikuwa mmenuniana. Mtaa mzima unampenda, nimeona, sitabisha tena. Lakini nani angefungua mlango?"

Mimi huwa nina jibu. Waulizeni walimu wakuu wote niliofanya nao kazi. Maji yakaendelea kutiririka kwenye sinki. Tungeleta paja la nguruwe na keki tatu na suti zetu safi, na yeye amelala upande wa pili wa ukuta.

"Corliss, mwache," Leotis akasema.

"Hapana, asiniache," nikasema. "Mtoto ana haki. Miaka yote hii sina ufunguo wa nyumba hii, na sikuwahi kuuomba, kwa sababu niliona aibu watu wangesema nini. Siku nyingine nitavunja dirisha kwanza, ndipo nipike."

"Dirisha langu?" akasema Leotis.

Corliss alicheka, akafuta uso kwa mkono. Kisha akatoa ule ufunguo wake, akahangaika kuutoa kwenye pete mpaka ukucha ukavunjika, akauweka kiganjani mwangu mlimojaa sabuni.

"Kila asubuhi. Si kuchungulia dirishani. Uingie."

"Hata kama hajavaa?"

"Hata kama hajavaa."

"Na mimi sina usemi?" akanguruma Leotis.

"Huna," tukasema wote wawili.

Corliss akamgeukia baba yake, akamkumbatia kichwa mzee akiwa amekaa vilevile. "Chumba cha bluu kitabaki," akamwambia. "Utalala humo Krismasi. Kisha utarudi kwako." Leotis aliuweka mguu wa kaa mezani, akashika mkono wa mwanawe, akautikisa tu mara kadhaa.

Corliss aliondoka Jumapili baada ya ibada. Jumatatu niliamka mapema, nikavaa gauni zuri kidogo, kidogo tu, nikavuka barabara. Mlangoni nilisimama. Nimelisha maelfu ya watoto, nimemzika mume, na nilisimama pale naogopa kitasa. Mimi na Leotis tulikuwa hatujasema lolote kuhusu lile neno nililomtupia. Tulikuwa tumetaniana tu mbele za watu, na kutaniana si kusema.

Nikafungua. Alikuwa ameketi meza ya jikoni, suti ya kanisani, tai, nywele zimechanwa, asubuhi yote ile.

"Umechelewa," akasema.

"Umevalia harusi ya nani?"

"Mlisema utaingia hata kama sijavaa. Nimekaa hapa tangu saa kumi na moja."

Sikucheka, ingawa nilitaka. Nilibaki nimesimama na ufunguo.

"Verdell," akasema, kwa ile sauti ndogo. "Uliniambia niende."

"Nilikuambia."

"Na sasa unasemaje?"

Dirishani mtu alikuwa anapita na mbwa, na Leotis hakumsalimia. Alikuwa ananingoja mimi.

"Usiende popote," nikasema.

Akaweka mkono nyuma ya sikio. "Sema tena. Bandari iliniharibu masikio."

"Umesikia."

Akavuta kiti cha pili kwa mguu, akanimiminia kahawa.